Kupanga Farumi Mpya kwa Boti ya Familia ya Kuteleza kwenye Wimbi

Wimbi la kuteleza huzaliwa na uzito. Boti inapokwenda polepole, kati ya kilomita 16 na 19 kwa saa, mwili wake husukuma maji pembeni, na kadiri unavyozama ndivyo unavyosukuma mengi zaidi. Maji hayo yanaporudi kukutana nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, linainuka wimbi ambalo mtu anaweza kulipanda na kuachia kamba kabisa. Ndiyo maana mwenye boti akishaonja mchezo huu, kinachomjia kichwani kwanza ni mifuko mikubwa zaidi ya maji ya farumi, yaani uzito unaowekwa makusudi ili boti izame zaidi.

Ninakuomba uanzie upande wa pili. Jiulize boti itabeba nini siku ambayo jamaa wote wamekuja, na maji yatatokaje siku ambayo kitu kimeharibika. Wengi hupanga namna ya kuingiza maji, wakaacha kutoa kwake kuwa jambo la baadaye. Katika boti iliyobeba watoto, kutoa ndiko kunakotangulia.

Propela iko wapi?

Anayeteleza yuko mita chache tu nyuma ya boti, na akianguka anaweza kusukumwa kuelekea boti. Kwa hiyo mchezo huu ni wa boti ambazo propela yake iko chini ya mwili, mbele ya tezi: zenye injini ya ndani na shafti, iwe injini imekaa katikati au imesogezwa nyuma kabisa kwa mfumo wa V-draivu. Ipo pia mifumo ya propela inayotazama mbele, kama Forward Drive ya kampuni ya Volvo Penta. Ikiwa boti yako ina injini ya kuning'inizwa nje, au mguu wa nyuma wenye propela ya kawaida inayotazama nyuma, mpango huu si wake. Hakuna kiasi cha farumi kitakachoiondolea hatari hiyo.

Hesabu ya kilo, kwenye karatasi

Tafuta kibao cha uwezo, ambacho mara nyingi kimebandikwa karibu na usukani. Nchini Marekani sheria inakitaka kwa boti za mwili mmoja zilizo chini ya futi 20, yaani mita 6.1 hivi, kubwa zaidi ya hapo nyingi huwa nacho kwa hiari ya mtengenezaji. Kama hakipo, mwandikie mtengenezaji ukimpa namba ya mwili wa boti, umuulize uzito wa juu kabisa wa watu, mizigo na farumi pamoja. Muulize pia kama matangi ya kiwandani na mafuta yamekwisha kuhesabiwa ndani ya namba hiyo, kwa sababu si kila mtengenezaji anahesabu kwa namna moja.

Sasa piga hesabu. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja; ya bahari inazidi kwa gramu 25 hivi. Mifuko mingi huandikwa uzito wake kwa pauni: wa pauni 400 ni kilo 180, wa 750 ni kilo 340, na wa 1,100 ni kilo 500.

Chukua mfano wa boti ambayo mtengenezaji amethibitisha kuwa inabeba kilo 1,300 za watu, mizigo na farumi yote. Wazazi wawili ni kilo 160, watoto watatu 135, wageni wawili 150. Hapo pana kilo 445. Mbao za kutelezea, jaketi za kuokolea, nanga, kamba na sanduku la barafu ziweke 90. Jumla 535, kwa hiyo zinabaki 765. Mimi huacha sehemu moja ya kumi ya uwezo wote bila kuigusa, yaani 130, kwa ajili ya nguo zilizolowa na makosa ya makadirio. Zinabaki 635. Kama matangi ya kiwandani yanachukua lita 400, nafasi ya kuongeza ni lita 235 tu.

Namba hii huwavunja watu moyo, maana walikuja na ndoto ya tani nzima. Lakini iandike hivyo hivyo, na uiwekee kanuni kwamba kila mgeni anayepanda ni maji yanayotolewa. Akija mtu wa kilo 80, toa lita 80. Watu nao ni farumi, tena wanahama wenyewe.

Utasikia pia habari za vifuko vya risasi au chuma. Ni vizito kwa nafasi ndogo, na kimoja au viwili vinasaidia kusawazisha boti inayoinama. Visiwe msingi wa mpango wako. Maji unaweza kuyatoa kwa kubonyeza swichi, na maji yaliyo ndani ya mfuko hayaizamishi boti iliyokwisha kujaa maji. Risasi inaivuta chini mpaka mwisho.

Jaribu kabla hujatoboa kitu

Usinunue mfumo wa kudumu kabla hujajua boti yako inataka uzito wapi. Azima au nunua mfuko mmoja au miwili ya kuhamisha, na pampu ndogo ya kutumbukiza majini yenye waya mrefu. Siku moja ya majaribio itakufundisha kuliko picha za boti za wengine, kwa kuwa miili ya boti haifanani.

Kabla ya kujaza, pima kwa utepe kutoka ukingo wa boti hadi usawa wa maji katika sehemu nne: omo, yaani mbele ya boti, tezi, kushoto na kulia. Andika. Pima tena kila unapoongeza mfuko. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokuonyesha omo imebakiwa na sentimita ngapi kabla ya wimbi kuingia ndani.

Kisha badilisha jambo moja kwa wakati. Ukiongeza uzito tezi, wimbi huwa refu kwenda juu na kali, ila sehemu ya kutelezea hufupika. Ukiongeza omo, linanyooka kwenda nyuma na kulainika. Kwa hiyo wimbi fupi linalomtema mtu upesi linaomba uzito mbele, na wimbi lililonyooka lisilo na nguvu ya kusukuma linaomba uzito nyuma. Njia rahisi ya kulihakikisha hili ni kuwaomba watu wazima wawili wahame kutoka viti vya nyuma kwenda mbele huku mwendo ukibaki uleule. Hata kilomita moja kwa saa ya mwendo hubadilisha umbo la wimbi, kwa hiyo jaribu mwendo kabla ya kulaumu farumi.

Upande nao una habari yake. Anayetanguliza mguu wa kushoto hutazama wimbi akiwa upande wa kushoto wa boti, na anayetanguliza wa kulia hufaa upande wa kulia. Kama boti haina mabawa ya kuelekeza maji kwenye tezi, itakubidi uilaze upande wa anayeteleza kwa kujaza mfuko wa upande huo, na kila anapobadilika mtelezaji unahamisha maji. Mabawa hayo, ambayo watengenezaji wakubwa walianza kuyafunga kwenye boti za mwaka 2013, huchelewesha maji ya upande mmoja yasikutane mapema na ya upande mwingine, hivyo boti hujazwa sawa pande zote. Kwa familia ambayo mmoja anatanguliza kushoto na mwingine kulia, ningetumia pesa kwenye mabawa kabla ya kuongeza hata lita moja. Wimbi safi linapatikana kwa maji machache zaidi, na boti haikai imeinama siku nzima.

Na watoto wanaojifunza hawahitaji wimbi kubwa. Wanahitaji wimbi lisilobadilika.

Mifuko ikae wapi

Sehemu za kawaida ni pembe mbili za tezi kando ya injini, makabati ya pembeni na chini ya viti vya omo. Pima kila nafasi kwa urefu, upana na kina, halafu uchague mfuko unaoijaza nafasi hiyo ukiwa umejaa kabisa. Mfuko uliojaa nusu ni hatari yenye jina lake katika ujenzi wa vyombo, uso huru wa maji: boti ikiinama, maji yanakimbilia upande ulioinama na kuuzidisha. Bora mifuko miwili midogo, mmoja umejaa na mmoja mtupu, kuliko mkubwa unaocheza.

Funga kila mfuko kwa mikanda. Ule wa karibu na injini usiguse shafti inayozunguka wala bomba la moshi. Funika pia kingo kali za fiberglasi na ncha za skurubu, kwa sababu mfuko hausagiki siku ya kwanza, husagika polepole kwa msimu mzima wa mtikisiko.

Kuhusu omo, nina msimamo mkali. Uzito wa mbele hupendeza wakati boti inakwenda. Hatari inakuja mtelezaji anapoanguka na dereva akapunguza mwendo: omo inashuka, boti inageuka, na wimbi lake yenyewe linakuja kukutana nayo uso kwa uso. Hapo ndipo maji huingia kwa ndoo nyingi kwa pigo moja. Usijaze omo kupita kile ambacho vipimo vyako vya ukingo vinaruhusu watu wakiwa wamekaa mbele. Geuka polepole, na ukiona wimbi linakuja, likate kwa pembe huku waliokaa omo wakiwa wamerudi nyuma.

Pampu

Kuna aina mbili. Ya kwanza ina impela ya mpira yenye mabawa yanayopinda. Inavuta maji hata ikiwa juu kidogo ya usawa wake, inazunguka pande zote mbili, hivyo pampu moja hujaza na kutoa, na ikizimwa huzuia sehemu kubwa ya maji yasipite. Udhaifu wake ni kwamba ikizunguka bila maji impela huungua upesi. Nunua impela ya akiba siku hiyohiyo unayonunua pampu, na uiweke ndani ya boti.

Ya pili husukuma maji kwa nguvu ya mzunguko. Ni ya bei nafuu zaidi, huvumilia kidogo ikikaa bila maji, lakini inasukuma upande mmoja tu, kwa hiyo kila mfuko unahitaji mbili. Ile ya kujaza lazima ikae chini ya usawa wa maji, na ikizimwa maji hupita humo bila kizuizi.

Kwa boti ya familia ninapendelea ya impela, moja kwa kila mfuko. Mipira ya kupitishia maji inapungua, na kila kiungio kilichopungua ni sehemu moja isiyoweza kuvuja.

Usiamini namba ya kwenye boksi. Pampu iliyoandikwa lita 45 kwa dakika, ikipitisha maji kwenye mpira mrefu wenye kona na kupanda, inaweza kutoa 30. Kwa kasi hiyo mfuko wa lita 340 unachukua zaidi kidogo ya dakika 11. Fanya hesabu hiyo kwa kutoa kwanza, na uone kama unaridhika na dakika hizo hali ya hewa ikichafuka ghafla.

Mipira, koki na njia ya hewa

Kama boti tayari ina tundu la kuingizia maji, angalia upana wake kabla ya kuligawia pampu tatu. Tundu la milimita 25 haliwezi kuzilisha zote kwa pamoja. Kila pampu itapata kidogo. Ukilazimika kutoboa mwili wa boti, na hujawahi, mpe fundi. Mwili mara nyingi una kiini cha mbao nyepesi au povu katikati, na kingo za tundu zisipozibwa kwa epoksi, maji hupenya kimyakimya na kukiozesha. Kila tundu lililo chini ya usawa wa maji liwe na koki inayofikika kwa mkono, na kila mtu mzima ndani ya boti aonyeshwe ilipo.

Mpira wa upande wa kuvuta uwe wenye uzi wa kuuimarisha, la sivyo utanywea na kujifunga. Kwenye viungio vilivyo chini ya maji weka klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Kisha njia ya hewa, jambo ambalo nililifunza kwa gharama. Kwenye mfumo wa kwanza niliofunga, mpira wa kupumulia ulitoka sehemu ya chini ya mfuko badala ya ya juu. Hewa ikabaki ndani, mfuko ukavimba ukainua kiti, klipu ikateleza, na pampu ikaendelea kumimina ziwa ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, mpaka binti yangu aliposema miguu yake imelowa. Tangu siku ile huanzia hapo: njia ya hewa itoke sehemu ya juu kabisa ya mfuko, ipande hadi karibu na ukingo, kisha itoke nje pembeni mwa boti mahali ambapo dereva anaona maji yakichuruzika. Yakichuruzika, mfuko umejaa.

Mpira wa kutolea nao upandishwe juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka, na kilele chake kiwe na kifaa cha kuingiza hewa. Bila hicho maji hujivuta yenyewe: mfuko unaojazwa unaweza kumwagika kupitia mpira uleule wa kutolea, au boti iliyozama zaidi upande mmoja ikavuta maji ya nje hadi kwenye mfuko uliodhani ni mtupu.

Umeme

Soma kwenye kibati cha pampu inakula ampea ngapi. Tuseme 15, na kutoka betri hadi pampu ni mita 5, yaani mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 4 utapoteza karibu volti 0.7 kati ya 12, ambayo ni asilimia 6 hivi. Kwa waya wa 6 unapoteza chini ya 0.5, na kwa waya wa 10 chini ya 0.3. Pampu isiyopata volti zake huzunguka kwa uvivu na kupata joto, kwa hiyo usibane pesa kwenye waya. Chukua wa shaba uliopakwa bati, maana shaba tupu huoza mahali penye unyevu.

Kila pampu iwe na fyuzi yake ya ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, na waya mkuu uwe na fyuzi karibu na betri. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, zinataka iwe ndani ya inchi 7, yaani sentimita 18 hivi. Kwenye chumba cha injini ya petroli, kila pampu, relei na swichi lazima iwe ya aina isiyotoa cheche. Mvuke wa petroli hukaa chini, mahali palepale tunapopenda kuficha pampu.

Pampu tatu za ampea 15 kwa dakika 10 zinakula ampea-saa 7.5. Si nyingi, lakini jaza na utoe maji injini ikiwa inawaka, na tenga betri ya kuwashia isiguswe na muziki wala pampu.

Pampu za ngama

Wahenga wa pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye farumi ni kweli tupu: popote patakapovuja, maji yatafika ngamani. Mpira wa milimita 25 ukichomoka nusu mita chini ya usawa wa maji huingiza takriban lita 55 kwa dakika, zaidi ya lita 3,000 kwa saa. Pampu moja ndogo ya ngama, ambayo nayo haifikii namba ya kwenye boksi, haitoshi kushindana na hilo. Ukiongeza farumi, ongeza pampu ya pili ya ngama yenye boya la kuiwasha yenyewe na king'ora dereva anachoweza kukisikia juu ya injini. Weka pia ile pampu ya kutumbukiza uliyotumia kwenye majaribio. Siku pampu ya mfuko ikifa katikati ya ziwa, ndiyo itakayokutoa.

Propela na injini

Boti iliyoongezewa mamia ya kilo huchelewa kuinuka. Ukiona injini haifikii mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu chake hata ukisukuma gesi yote, propela ni kali mno kwa mzigo mpya. Kupunguza inchi moja ya mwinuko wa propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa kawaida huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Kwenye maziwa ya milimani, ambako hewa ni nyepesi, upungufu huu wa mizunguko huonekana zaidi.

Siku ya kwanza

Jaza boti ikiwa imefungwa gatini, vifuniko vyote wazi, tochi mkononi. Pita kila kiungio kwa kidole kikavu. Toa maji yote, hesabu dakika, jaza tena. Ndipo utoke na watu wazima wachache, watoto wakisubiri nchi kavu, ukapime upya ukingo wa boti sehemu zile nne.

Tezi ikizama na omo ikiinuka, moshi wa injini huvutwa kurudi juu ya jukwaa la nyuma na hata ndani ya boti. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na imeua watu kwenye majukwaa hayo. Funga kitambuzi chake, na injini ikiwaka mtoto asikae jukwaani wala ukingoni mwa tezi.

Fikiria pia pwani ya ziwa. Wimbi uliloliongeza halikomi pale mtelezaji anapoanguka, linaendelea hadi kwenye magati na kingo za udongo. Jimbo la Vermont, tangu 2024, linataka boti za aina hii ziwe angalau futi 500 kutoka ufukweni, mita 152, na kwenye kina kisichopungua futi 20, yaani mita 6. Nadhani ni kipimo kizuri hata pale ambapo sheria ya mahali haijasema kitu. Uliza sheria ya ziwa lako kabla hujanunua mifuko.

Ukitoka majini

Toa maji yote kabla ya kupandisha boti kwenye trela. Trela na breki zake hazikupimwa kwa mzigo huo.

Hata hivyo, mfuko uliotolewa haujakauka. Lita kadhaa hubaki kwenye mikunjo, na humo husafiri viumbe wa ziwa moja kwenda jingine. Kome wa kwaga, aina ya kome wadogo wavamizi, walionekana Lake Mead mwaka 2007, wakaenea haraka katika maziwa ya magharibi ya Marekani, na vifaranga vyao ni vidogo mno kuonekana kwa macho. Kama utahamia ziwa jingine, suuza mifuko kwa maji ya moto ya nyuzi 49, kipimo kinachotumika kwenye vituo vya kusafishia boti huko. Kabla ya majira ya baridi kali zungusha dawa ya kuzuia kuganda ya propilini glaikoli kwenye pampu na mipira, kisha toa impela zipumzike. Viti viinuliwe, midomo ya mifuko ikae wazi, na vifuniko vya makabati visifungwe mpaka kila kitu kiwe kikavu.